Cragside: ingieni, lakini anzieni kwenye maji

Dada, umeuliza kama inafaa kutoa siku moja kati ya siku tatu za kambi yenu huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mkaingie jumba la kale la Cragside. Umesema shemeji anaona kulipa hela kutazama makochi ya tajiri aliyekwisha kufa ni kuharibu siku, na watoto watatu watachoka kuambiwa wasiguse. Mimi nimeingia mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka nikikubaliana na shemeji kabisa. Mara ya pili wahudumu walianza kufunga milango nikiwa bado ndani, na nisingefukuzwa ningekaa.

Ile mara ya kwanza tulikimbia mvua. Hema letu lilikuwa kando ya mto Coquet, si mbali na mji mdogo wa Rothbury: mimi, mama watoto na mabinti wetu wawili. Usiku upepo uling'oa vigingi viwili, na asubuhi mifuko ya kulalia ilikuwa imeloa upande wa miguuni. Tukatafuta paa la karibu, likawa hilo. Tukaingia moja kwa moja mlango wa nyumba, tukafuata msururu wa watu chumba hadi chumba, mazulia, picha, mazulia, mtoto mdogo akilia anataka chipsi. Baada ya nusu saa tuko nje. Nilikumbuka vumbi na ngazi, basi.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa sababu ya jambo moja nililolisikia kazini: kwamba hii ndiyo nyumba ya kwanza duniani kuwashwa taa kwa umeme wa maji. Sasa mimi nimekulia Hale, mkoani Tanga. Mzee wangu alifanya kazi kwenye kituo cha kufua umeme pale, kile cha mwaka 1964, na utoto wangu wote nimeusikia mngurumo wa maji ya Pangani yakiingia kwenye mitambo. Nilijiona nimepita mbele ya kitu cha nyumbani kabisa bila kukitambua. Safari hii hatukuanzia sebuleni. Tulianzia bwawani.

Ushauri wangu wote uko hapo. Mkifika, mtaona bwawa linaitwa Tumbleton Lake. Ukingoni mwake kuna parafujo kubwa ya chuma, urefu wa mita 17, iliyofungwa mwaka 2014. Maji yanaingia juu, yanateremka kwenye mizunguko yake, uzito wao unaizungusha, nayo inazungusha jenereta. Wasimamisheni watoto hapo hata dakika kumi. Ni mashine ambayo mtoto wa miaka sita anaielewa kwa macho, hakuna kilichofichwa. Halafu mwambieni kila mmoja: haya maji ndiyo yanayowasha taa mtakazoziona kule juu. Binti yangu mkubwa alitembea nyumba nzima akihesabu taa.

Mwenye nyumba, William Armstrong, alizaliwa Newcastle mwaka 1810. Alisomea sheria na akafanya uwakili miaka mingi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maji. Siku moja katika miaka ya 1830 alikuwa akivua samaki huko Dentdale, akaliona gurudumu la maji linaloendesha mashine za machimbo ya marumaru. Akapiga hesabu kichwani, akaona gurudumu linakamata sehemu ndogo tu ya nguvu ya yale maji, nyingine yote inapita bure. Hilo halikumtoka. Mwaka 1846 akawa na kreni ya kupakulia meli bandarini Newcastle inayoendeshwa na maji yenye presha, na mwaka 1847 akaanzisha kiwanda Elswick, kando ya mto Tyne. Mashine za maji zilizokuwa zikiinua Tower Bridge ya London zilitoka kwake. Na mwaka 1863, akiwahutubia wanasayansi Newcastle, mji ulioshiba kwa makaa ya mawe, alisema makaa ya Uingereza yatakwisha, na alisifu nguvu ya jua. Mwaka 1863!

Mwaka huohuo ndio alianza Cragside, ikiwa nyumba ya kawaida tu ya kupumzikia na kuvua. Alikuwa akiletwa Rothbury tangu mtoto kwa ajili ya afya yake, kifua kilikuwa kinamsumbua. Baadaye akamwita msanifu majengo Richard Norman Shaw, na kuanzia 1869 kwa zaidi ya miaka kumi nyumba ikawa inaongezwa tu: mnara hapa, baraza kule, mabomba ya moshi kama msitu. Ukiitazama kutoka chini, kwenye daraja la chuma linalovuka kijito cha Debdon, inaonekana kama imeota kwenye mwamba. Eneo lote lilikuwa kilima kikavu cha mawe. Yeye na mkewe Margaret walipanda miti na vichaka zaidi ya milioni 7. Kivuli chote mtakachopita chini yake kilipandwa kwa mkono.

Sasa maktaba. Hapo msipite haraka, nawaomba. Mwaka 1878 Armstrong alianza na taa moja ya mwali, ile ambayo umeme unaruka kati ya vijiti viwili vya kaboni, kali mno kwa macho, akaiweka kwenye ukumbi wa picha. Dainamo ilikuwa mbali kwenye kijito, ikizungushwa na turbaini ya nguvu za farasi 6. Mwaka 1880 rafiki yake Joseph Swan, aliyekuwa akitengeneza balbu zake hapohapo Newcastle, alimfungia balbu 45. Umeme haukutosha kuziwasha zote, na Armstrong mwenyewe aliandika kwenye gazeti la wahandisi mwaka 1881 kwamba hahitaji kuwasha zaidi ya 37 kwa wakati mmoja, kwa kuwa anahamisha umeme kutoka chumba hadi chumba. Niliposoma hilo nilicheka kwa furaha. Mgao! Mtu ana jumba, ana mabwawa yake, na bado jioni anazima chumba cha kulia ili awashe maktaba. Sisi tuliokulia Tanzania tunaijua hesabu hiyo tangu utotoni.

Maktabani zilikuwa balbu 8. Nne kati yake zilikaa juu ya vazi za shaba, yaani vyombo kama vya kuwekea maua, zilizonakshiwa kwa enameli, na mwili wa vazi wenyewe ulikuwa njia ya umeme. Waya uliotokeza chini ya kitako cha vazi ulichovya kwenye kikombe kidogo chenye zebaki. Ukiinyanyua vazi taa inazima, ukiirudisha inawaka. Hapakuwa na swichi ya ukutani kama tunayoijua, walikuwa bado wanabuni hata namna ya kuzima. Vazi hizo bado zipo. Muulizeni mhudumu wa chumba, wengi wao ni wazee wanaojitolea, na ukiwauliza jambo la taa nyuso zao zinachangamka. Yule wetu alimwonyesha binti yangu vazi moja baada ya nyingine bila kuchoka. (Na wanapokuambia msiguse, ni kweli msiguse. Zebaki ni sumu na nyumba ni kongwe.)

Jikoni mtaona chuma cha kuchomea nyama kilichokuwa kikijizungusha kwa nguvu ya maji, na lifti ndogo ya kupandishia vyombo. Kuna pia lifti ya watu, ya maji yenye presha. Nilisimama mbele yake nikiwafikiria wasichana wa kazi waliokuwa wakibeba makaa ya kuotea moto ngazi zote hizo. Kwao lifti ile ilikuwa mgongo usiouma. Kwenye maelezo ya nyumba nyingi za enzi ya Malkia Victoria mtasikia habari za mabwana tu. Hapa jiko limewekwa wazi, kwa hiyo waonyesheni watoto nani alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri.

Chini kuna bafu la mvuke la Kituruki na kidimbwi cha kutumbukia. Sebule kubwa ina meko ya marumaru ya Italia yenye uzito wa tani 10. Kwangu mimi ni kubwa kupita kiasi, ilijengwa ili wageni washangae, na wageni walikuja: Agosti 1884 mwana wa Malkia Victoria, mrithi wa kiti chake, na mkewe walilala hapo, na mwaka 1897 alikuja mfalme wa Siam, yaani Thailand ya leo. Chumba walicholala wale wa 1884 kina vitanda vilivyochongwa bundi juu ya nguzo. Binti yangu mdogo alimshika mama yake mkono akakataa kuingia. Bibi yake amemfundisha vizuri: kwetu bundi akitua juu ya paa hakuna anayelala.

Chumba cha kulia ndicho kinachonigusa zaidi baada ya maktaba. Pale pa kuotea moto kuna maneno yaliyochongwa kwenye jiwe, kwa lahaja ya watu wa kule, maana yake mashariki au magharibi, nyumbani ndiko bora. Nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa. Nilisimama hapo nikasema kimoyomoyo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Lakini shemeji ana hoja moja ambayo sitaki kuikwepa: hela hii ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye silaha. Wakati wa vita vya Crimea, Armstrong alibuni mzinga unaoshindiliwa kwa nyuma badala ya mdomoni, mwepesi na wenye shabaha, akaikabidhi serikali haki za ubunifu na mwaka 1859 akapewa cheo cha heshima. Elswick ikawa inauza mizinga na manowari kwa mataifa mengi. Baadhi ya meli za Japani zilizopigana vita vya baharini vya Tsushima mwaka 1905 zilijengwa pale. Baadhi ya wageni wa nyumba hii hawakuja kula tu, walikuwa wateja. Mabinti zangu niliwaambia hivyo hivyo, kwamba mkono uliowasha taa hizi ndio uliotengeneza mizinga. Mkubwa aliuliza kama alijuta. Nikamwambia kwenye hii nyumba sijaona dalili ya majuto. Nadhani ni vizuri watoto watoke na swali hilo pamoja na zile taa, wasichaguliwe kimoja.

Na nilijikuta nikiwaza Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Zanzibar. Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, miaka ileile Armstrong akiongeza sebule yake, na ndiyo ilikuwa ya kwanza Unguja kuwa na taa za umeme na ya kwanza na lifti. Niliingia humo nikiwa darasa la sita na sijasahau milango yake. Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na watu wakapoteza maisha. Cragside iliingia mikononi mwa National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale, mwaka 1977, ikafunguliwa kwa umma 1979, na tangu hapo kuna watu ambao kazi yao ni kuangalia paa linavuja wapi. Hilo ndilo linaloniuma. Nyumba zote mbili zilikuwa za maajabu.

Ya kupanga sasa. Siku ya Cragside iwe ya katikati, si ya mwisho, maana siku ya kung'oa hema kila mtu ana haraka. Angalieni tovuti ya National Trust siku mbili kabla, kwa sababu vyumba vya ndani havifunguliwi saa zote ambazo bustani iko wazi. Mwenye kadi ya uanachama halipi kiingilio, na kama mna mpango wa kuingia nyumba mbili tatu mwaka huu, pigeni hesabu ya kadi ya familia. Begi kubwa la mgongoni liacheni garini. Kuna barabara ya gari ya mzunguko, maili 6 hivi, inapita kwenye maziwa ya juu yanayoitwa Nelly's Moss. Maji ya huko ndiyo yaliyokuwa yakishuka zaidi ya mita 100 hadi kwenye mtambo wa Burnfoot uliojengwa 1886, taa zilipozidi uwezo wa dainamo ya kwanza. Mtoto akichoka kutembea, muonyesheni hayo kutoka garini. Mkienda mwanzoni mwa Juni mtakuta maua ya rododendroni yamefunika kilima, na pia mtakuta visubi jioni kambini, kwa hiyo nguo za mikono mirefu. Kuchakulo wekundu wapo, ila wanaonekana asubuhi na kwa waliokaa kimya.

Jioni ile ya pili tulikuwa tumekaa mlangoni mwa hema, mvua imekatika, maji ya chai yanachemka kwenye jiko la gesi, binti mkubwa akaniuliza: yale maji ya kwa babu, yakishapita kwenye mashine yanakwenda wapi? Nikampigia mzee Korogwe, kule ilikuwa usiku mno lakini alipokea. Akamweleza mjukuu wake polepole kwamba maji ya mto Pangani yanafua umeme Nyumba ya Mungu, yanashuka yanafua Hale, yanashuka tena yanafua Pangani Falls, ndipo yanaachiwa kwenda baharini. Mara tatu, akarudia, maji yaleyale. Binti akachukua kijiti akaanza kuuchora mto kwenye udongo mbele ya hema, na mzee akawa bado yuko hewani, akimwelekeza uweke wapi kila kituo.