Shangazi Anajibu: Ni Mapenzi ya Sally, au ya Ndugu Wawili?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mdogo wangu tumetazama Practical Magic, ile filamu ya wanawake wachawi wa ukoo wa Owens. Yeye anashikilia kuwa ni hadithi ya mapenzi ya Sally na mpelelezi Gary. Mimi nasema ni ya Sally na mdogo wake, Gillian. Tuamulie. Halafu ile nyumba nyeupe kando ya bahari, bado ipo?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ushindi ni wako, ila usimringie mdogo wako, maana naye ana hoja. Ukoo ule una laana: mwanamume akimpenda binti wa Owens, atakufa. Ndiyo maana Sally, akiwa mtoto, anamtakia moyo wake mwanamume asiyeweza kuwepo duniani, jicho moja la kijani, jingine la buluu, ili asije akapenda akaumia. Gary anapotokea na macho hayo hayo, nani asiyeshtuka?

Lakini tazama nani anakuja Sally anapoanguka. Mumewe, Michael, amegongwa na lori akafa, na Sally amejilaza kitandani, hata watoto wake wamemshinda. Gillian, aliyekuwa mbali akila ujana wake, anafunga safari ya usiku na kujipenyeza chini ya blanketi alimolala dada yake. Hapo Sandra Bullock (Sally) na Nicole Kidman (Gillian) wananiliza kila nikiwatazama. Huwezi kuigiza hivyo bila kujua undugu ni nini.

Na mwisho je? Mzimu wa Jimmy, yule bwana katili wa Gillian, umempanda Gillian mwenyewe. Wanawake wa mji, ambao miaka yote waliwatenga akina Owens, wanakuja kila mmoja na ufagio wake, wanafanya duara jikoni. Sally anajikata kiganja, anakibana na cha mdogo wake, damu kwa damu, kama walivyofanya usichanani. Laana inakatika hapo. Gary hayumo kabisa katika duara lile. Anarudi baadaye, mambo yamekwisha.

Kuhusu nyumba: hadithi inatokea Massachusetts, lakini nyumba ilijengwa kwa ajili ya filamu tu, kisiwa cha San Juan, jimbo la Washington. Ilikuwa ganda la nje, na baada ya kazi ikabomolewa. Mitaa ya mji mnaweza kuiona hadi leo: ni Coupeville, kisiwa cha Whidbey. Na mkipata riwaya ya Alice Hoffman ya 1995, iliyozaa filamu hii ya 1998, isomeni wote wawili.