Mke aliolewa akiwa na mimba ya mtu mwingine: je, ndoa inaweza kubatilishwa?

SWALI: Mheshimiwa mwanasheria, nilifunga ndoa kanisani mwezi wa pili mwaka huu, baada ya uchumba ambao hatukuwahi kukutana kimwili. Mwezi wa saba mke wangu alijifungua mtoto wa kilo tatu na nusu, na muuguzi akaniambia mimba ilikuwa imetimia. Nilipombana alikiri kuwa ni ya mwanamume aliyekuwa naye kabla yangu. Wazee wanataka tukae kikao tuyamalize, na mchungaji anasema ndoa ya kanisani haivunjwi. Je, mahakama inaweza kuifuta? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokukuta. Mahakama inaweza, ila kwa hali yako kinachoweza kukuangusha si uzito wa kosa ulilotendewa, bali kalenda na mwenendo wako mwenyewe tangu ulipoujua ukweli.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatofautisha ndoa batili tangu mwanzo, kama ile ya ndugu wa damu au iliyofungwa bila ridhaa ya hiari, na ndoa inayoweza kubatilishwa, ambayo ni halali kwa kila hali mpaka mahakama itamke vinginevyo. Yako ni ya aina ya pili, kwa kuwa kifungu cha 39 kinataja waziwazi mke aliyekuwa na mimba ya mtu mwingine wakati wa kufunga ndoa. Maana yake ni kwamba leo hii huyo bado ni mkeo, na ukithubutu kufunga ndoa nyingine kabla ya amri ya mahakama utakuwa umejitafutia kesi ya jinai.

Ili upewe amri hiyo ni lazima uthibitishe mambo matatu: kwamba siku ya ndoa hukujua habari ya mimba, kwamba umefungua shauri ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ndoa, na kwamba tangu ulipogundua hujakutana kimwili na mkeo kwa ridhaa yako. Hapo ndipo kikao cha wazee kinapohitaji tahadhari. Sikukatazi kuwasikiliza, lakini mkipatana mkarudi kulala kitanda kimoja kama mume na mke, hata kwa usiku mmoja, mlango huu umejifunga. Nao mwaka unahesabiwa tangu mwezi wa pili, si tangu mtoto alipozaliwa.

Jiandae pia kuulizwa ilikuwaje hukuona dalili, maana kwa hesabu yako mimba ilikuwa na miezi minne hivi siku ya harusi. Kadi ya kliniki ya wajawazito, yenye tarehe ya hudhurio la kwanza na umri wa mimba siku ile, mara nyingi huongea kuliko mashahidi kumi. Mkeo akigeuza kauli, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na usikidharau, kwa sababu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa sheria humchukulia kuwa ni wa mume hadi ithibitishwe vinginevyo.

Mchungaji anasema kwa imani yake, nami simbishii, ila ndoa ya kanisani husajiliwa na serikali na huongozwa na sheria hiyohiyo. Shauri unaweza kulifungua hata mahakama ya mwanzo, ingawa kwa jambo la ushahidi wa kitaalamu kama hili ningekushauri uanzie mahakama ya wilaya ukiwa na wakili.

Ukiuacha mwaka upite, itakubakia talaka, ambayo kwa kawaida haiombwi kabla ya ndoa kutimiza miaka miwili isipokuwa kwa kibali cha mahakama, tena baada ya kupitia baraza la usuluhishi la ndoa na kuthibitisha kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.