Vitabu Vilivyokaa Vifuani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nasi hatujambo. Unasema mwenzako wa kazini huko Leicester, Mjaini, mfuasi wa dini ya kale ya India, ambaye wazazi wake walitoka hapa Mombasa, amekuambia wana vitabu vitakatifu 45, kisha mwingine akasema ni 32. Wauliza nani mkweli.

Wote wawili. Katika kundi lao la Washvetambara, wenye sanamu hekaluni huhesabu 45, na Wasthanakavasi, wasiotumia sanamu, 32. Vyote huitwa Agama, mafundisho ya Mahavira, mwalimu wao mkuu wa kale, kwa lugha ya Kiardhamagadhi.

Lakini hesabu si kitu, mwanangu. Jua kwamba kwa karne nyingi Agama hazikuandikwa. Mtawa wao hamiliki kitu, na kitabu nacho ni mali. Wakazihifadhi moyoni, kama ulivyohifadhi Juzuu Amma chuoni. Kisha, wasimulia wenyewe, njaa ya miaka 12 ikaingia Magadha, ufalme wa kale mashariki ya India. Hafidhi akifa, anakwenda na alichokibeba. Kati ya Anga 12, ndivyo viitwavyo vitabu vikuu vya Agama, ile ya mwisho, Drishtivada, ikapotea kabisa. Ndipo katika karne ya 5, mjini Vallabhi, Gujarat, mtawa Devardhigani alipowakusanya wenzake wakaandika zilizosalia.

Wadigambara, kundi lao jingine kubwa, hawazikubali, wao husema za asili zilishapotea. Miongoni mwa walivyonavyo ni kitabu cha Shatkhandagama, na habari yake hunitoa machozi. Mzee Dharasena, pangoni katika mlima Girnar, Gujarat, aliona umri unamwishia na elimu i kifuani mwake. Akaita watawa wawili, Pushpadanta na Bhutabali, akawafundisha alichobakiwa nacho, nao wakakiandika.

Nilipokuwa msichana, jirani yetu Mjaini alikuwa akitoa vitabu vyake vyote siku ya tano baada ya Diwali. Wanaiita Gyan Pancham. Alivipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa laini, akavilaza juu ya meza. Nikalowesha kidole mate nifunue ukurasa. Akanishika mkono, taratibu, akaufunua yeye kwa kidole kikavu. Hakunigombeza. Muulize mwenzako kama kwao bado wanaiadhimisha.

Nimemkumbuka Dharasena kwa sababu ya bibi yako. Tenzi zote zile alikuwa nazo kichwani, nami kila siku nikisema nitaziandika kesho, hadi tukamzika. Juzi nimenunua daftari. Beti saba za ule aliokuwa akikulaza nao nimezipata, ya nane imenikwama. Wewe waikumbuka?

Mama yako