Wenzetu wa ng'ambo hawakutokea: majibu kwa walimu, wazazi na wanafunzi

Mwalimu wa sekondari, Tukuyu: Kidato cha tatu kilikubaliana na darasa moja la Ujerumani kukutana kwa video. Mwanafunzi wetu aliwaandikia "saa 3". Tulisubiri asubuhi hadi bando likaisha. Wanafunzi wanasema tumedharauliwa. Tuache?

Usiache, mwalimu mwenzangu. Waulize kwanza, huenda nao waliwasubiri. Mjerumani akiona hiyo 3 anaelewa saa 9 alasiri ya kwao, na hiyo ni saa 11 jioni kwenu wakati wa baridi yao. Kipindi chao cha joto ni saa 10, maana wao husogeza saa zao Machi na Oktoba.

Sasa litumie kosa hilo, kwa sababu hakuna somo bora utakaloletewa. Kila darasa lieleze linavyohesabu saa na sababu yake. Kwenu jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu kuanzia asubuhi kunaleta maana. Berlin, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Juni limeshachomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Macheo yanayohama hivyo ni vigumu kuyatumia kuanzisha hesabu ya saa.

Kisha wale waliosema "dharau" waandike mambo matatu: niliona nini, nilidhani nini, na lingeweza kuwa na sababu gani nyingine. Binafsi naona stadi yote tunayoitafuta, ya kuelewana na watu wa utamaduni mwingine, imo katika hilo la tatu.

Mwalimu, Kyela: Tuna kompyuta sita, wanafunzi hamsini, na umeme unakatika. Tutaweza kushirikiana na darasa la ng'ambo?

Mtaweza. Mikutano ya video si lazima. Rekodini sauti, pigeni picha, andikeni, mtume mtandao ukiwa mzuri. Wenzenu wajibu ndani ya wiki. Shule za New York na Moscow zilianza kuunganishwa mwaka 1988 kupitia mradi uliozaa iEARN, mtandao wa kimataifa wa shule, kabla intaneti haijafika madarasani. La muhimu ni kazi moja inayofanywa na vikundi vilivyochanganywa. Kwa mfano, safari ya kilo moja ya mchele wa Kyela kutoka jarubani hadi sahani, na ya mkate wao. Wakisalimiana tu watachokana wiki ya pili.

Mama wa mwanafunzi, Njombe: Mwanangu hataiga mila za kigeni? Na usalama wake?

Mama, hofu yako ni ya haki. Kuhusu mila, nimeona kinyume: mtoto akiulizwa kwa nini huwaamkia wakubwa "shikamoo" au "kamwene", inambidi aende kwa bibi yake kuuliza. Kuhusu usalama, shule itumie akaunti yake, isitangaze majina kamili wala picha, na ikuombe ridhaa kwa maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usione haya kuitaja kwenye kikao cha wazazi.

Mwanafunzi wa chuo, Iringa: Shikamoo. Kundi letu lina Wajerumani. Tuzungumzie Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na wakoloni wa Kijerumani, au tukwepe tusiwaudhi?

Marahaba. Zungumzieni, ila msianze nalo. Wiki mbili za kwanza fahamianeni kwa kazi nyepesi. Baadaye kila upande ulete kurasa za kitabu cha shule zinazoeleza enzi hiyo, hata kama ni mistari miwili tu, na msome pamoja: nani ametajwa, nani hakutajwa. Ninyi mna Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walipokishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Mna kifo cha Mkwawa mwaka 1898, na fuvu linaloaminika kuwa lake, lililokaa Ujerumani hadi liliporejeshwa Kalenga mwaka 1954. Mjerumani wa miaka ishirini si mshtakiwa. Pengine hajawahi kufundishwa haya. Msomi Michael Byram, katika kitabu chake cha 1997, aliweka udadisi na utayari wa kuahirisha hukumu miongoni mwa misingi ya stadi za kuelewana kati ya tamaduni, na utayari huo unawahusu ninyi pia: muulizeni familia yake inakumbuka nini kuhusu vita, kisha nyamazeni amalize.

Kama mnaweza, nendeni kwenye makumbusho ya Kalenga mkiwa na simu moja, mrekodi maelezo ya mwongoza wageni kwa ridhaa yake, na mtafsiri wenyewe.