Pampu ya vakyumu kwenye injini ya turbo

Umeuliza kama pampu ya vakyumu, inayonyonya gesi kutoka ndani ya kizimba cha krenki (shafti kuu ya injini), itasaidia injini yako ya turbo ya nguvu ya farasi 1,000 inayotema oili kwenye dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili. Ndiyo, itasaidia. Busti (hewa inayoshindiliwa na turbo) hupenyeza gesi nyingi kupita ringi za pistoni, hivyo chukua pampu kubwa, uvute kutoka kava ya tapeti (mfuniko wa juu wa injini). Lakini kwa sampu ya kawaida (oili inakaa kwenye trei chini ya injini) usivuke vakyumu ya inchi 12 hadi 14 za zebaki. Weka valvu ya kudhibiti vakyumu hiyo. Pini za pistoni hulainishwa na matone ya oili yanayoruka, ukivuta mno zinakauka na kukwama. PCV (valvu inayorudisha gesi za kizimba cha krenki kwenye inteki, njia ya kuingizia hewa) iondoe, tundu lake la inteki uzibe. Sili ya mbele ya krenki huzuia oili kutoka, si hewa kuingia: tafuta sili ya midomo miwili, inayozuia pande zote mbili. Vakyumu ikishuka ukiwa kwenye busti, kagua mkanda, kisha pima uvujaji wa silinda kuona kama gesi inapita ringi kupita kiasi.