Windows mbili kwenye menyu baada ya kuhamia SSD

Kakangu, umesema umehamisha kila kitu kwenye SSD mpya, ile diski ya kasi, na sasa ukiwasha laptopu inakuuliza Windows 10 ipi, ya juu ama ya chini. Usiogope. Ni jina la zamani tu limebaki, kama dau limeshauzwa na bado limeandikwa jina la mwenyewe wa kwanza.

Lakini kabla hujafuta chochote zima mashine, chomoa ile diski ya zamani, kisha washa. Ikikataa kuwaka, faili za kuwashia bado ziko huko kwa mzee, so usifute kitu wala usiiformati, irudishe uje utuambie. Mimi hapa Langoni niliwahi kuformati kwa haraka zangu, nikakaa siku mbili naangalia skrini nyeusi.

Ikiwaka sawa, kazi ni ndogo. Bonyeza Windows na R, andika msconfig, enda Boot. Mstari wenye Current OS ndio unaotumia saa hii, huo usiuguse, kama sio Default bonyeza kwanza Set as default, halafu chagua ule mwingine, Delete, OK, restati. Mafaili yako hayaguswi, linaondoka jina tu.

Msconfig ikikugomea fungua CMD, lile dirisha la kuandika amri, kama administrator, weka akiba kwanza kwa bcdedit /export C:\akiba, ndio uandike bcdedit /v utafute namba ya ule wa ziada, ufute kwa bcdedit /delete na namba yake pamoja na mabano. Na stima ikiwa inachezacheza, ngoja itulie.