Sarafu Yangu ya Zeppelin Imepiga Weusi: Niisafishe kwa Dawa Gani?

SWALI: Ninaishi Hamburg, na nimeanza kukusanya sarafu za fedha za kumbukumbu zilizotolewa Ujerumani kati ya vita viwili vya dunia. Hivi karibuni nilinunua mnadani sarafu ya Reichsmark 5 ya mwaka 1930, ile ya safari ya Zeppelin, chombo kikubwa cha anga kilichoelea kwa gesi, kuizunguka dunia, yenye herufi J, alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg. Imepiga weusi, na ukingoni ina rangi ya samawati. Rafiki mmoja ananishauri niichovye katika maji ya moto yenye karatasi ya alumini, chumvi na magadi; mwingine anasema nisubiri hadi niende likizo Mombasa nikampe sonara. Njia ipi ni salama?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna hata moja iliyo salama, na kwa maelezo yako sarafu hiyo haihitaji dawa yoyote.

Maswali ya namna hii hunijia mara kwa mara, na karibu yote yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba sarafu ya fedha ikimetameta ndipo inapokuwa na thamani, na kwamba weusi ni uchafu. Weusi huo si uchafu. Ni salfaidi ya fedha, yaani utandu mwembamba sana unaotokea pale fedha inapokutana na salfa iliyomo hewani, katika karatasi za kufungia na katika mbao za makabati. Na kadiri utandu unavyonenepa ndivyo rangi inavyotoka kwenye manjano, ikapita kahawia na samawati, hadi kuishia kwenye weusi. Fedha iliyomo katika utandu huo ilikuwa uso wa sarafu yenyewe, kwa hiyo anayeusugua autoe anaondoka na sehemu ya uso.

Kwa sarafu za Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya kati ya mwaka 1919 na 1933, jambo hili ni zito zaidi. Sarafu zake zote za fedha za kumbukumbu, kuanzia zile za mwaka 1925 za kuadhimisha miaka 1,000 ya eneo la Rheinland hadi zile za mshairi Goethe za mwaka 1932, ni nusu fedha na nusu shaba: ya Reichsmark 3 ina uzito wa gramu 15, na ya Reichsmark 5 gramu 25. Mchanganyiko wenye shaba nyingi kiasi hicho hauna weupe wa fedha safi. Ndiyo maana kabla ya kupigwa chapa visahani, yaani vipande bapa visivyo na picha bado, vilipashwa moto na kuoshwa kwa tindikali, shaba ya juu ikayeyuka, ikabaki ngozi nyembamba ya fedha iliyo karibu kuwa safi. Ngozi hiyo ikishaliwa na kitambaa, dawa ya meno, ndimu au majivu, hujitokeza rangi ya manjano iliyofifia, hasa katika sehemu zilizoinuka, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Sonara wa Mombasa amezoea fedha ya mapambo, na pengine rupia za Kijerumani za Afrika Mashariki zilizokuwa na sehemu 917 za fedha katika kila 1,000. Anaijua kazi yake vizuri, lakini kazi yake ni vito.

Tena kuna mng'ao wa asili. Nyundo ya mashine inapopiga, metali hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa jicho tupu. Ishike sarafu yako pembeni chini ya taa moja, kisha uizungushe polepole: ikiwa mistari hiyo ipo bado, hata chini ya utandu, utaona miale ya mwanga ikizunguka kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mwanga ukitulia mahali pamoja, au ukitawanyika uso mzima, mtu ameshapita hapo kabla yako.

Ile hila ya alumini na magadi, ambayo husifiwa kwamba haiondoi fedha, huigeuza salfaidi kuwa fedha tena, lakini fedha hiyo hurudi ikiwa chembe zisizo na mpangilio, na uso hubaki umepauka. Dawa za maji za madukani, ambazo kwa kawaida ni tindikali iliyochanganywa na kemikali iitwayo tiourea, huanza kwa kuyeyusha utandu na huishia kwa kula ile mistari.

Wapo wanaonijibu kwamba fedha ni fedha, na ikiharibika itauzwa kwa mizani. Haya, tupime. Sarafu yako ina gramu 12.5 za fedha. Reichsmark 5 ya Goethe ya mwaka 1932, iliyo adimu kuliko zote katika mfululizo huo, ina gramu 12.5 vilevile, nayo huuzwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko yako. Hata ile ndogo ya mwaka 1934 yenye Kanisa la Kambi la Potsdam, yenye uzito wa gramu 13.88 na fedha sehemu 900 katika 1,000, inakaribia kiasi hichohicho. Tofauti ya bei inatokana na uchache na hali ya uso. Uchache huwezi kuuongeza. Uso ndio ulio mikononi mwako, na huo ndio unaotaka kuuchovya kwenye sufuria.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaong'arisha sarafu kisha wakaziuza kwa jina la polierte Platte, yaani sarafu zilizopigwa zikiwa na uso kama kioo. Ni kweli kwamba sarafu hizi zilitengenezwa pia kwa ubora huo, kwa chapa na visahani vilivyoandaliwa maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, na ndiyo maana uongo wao unaingia akilini. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi utazame mahali herufi zinapokutana na uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na picha wala maandishi. Katika ile ya kweli, kioo kinafika hadi kwenye mguu wa herufi, na kingo za herufi ni kali. Katika iliyosuguliwa utakuta herufi zimeviringika, masalia meupe ya dawa yamekwama kwenye pembe, na mikwaruzo laini imepita sambamba uwanja mzima. Ukiona neno geputzt, yaani iliyosafishwa, katika orodha ya mnada, muuzaji amesema ukweli, na bei iteremke ipasavyo. Asiyeliandika, huku picha zake zikiwaka kama bati jipya, mwulize kwa maandishi kabla ya kulipa.

Ukikuta utelezi wa kijani, hiyo ni habari nyingine: mara nyingi ni mabaki ya mifuko ya plastiki ya PVC, na hayo yaondolewe mapema kwa asetoni safi, si ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato. Fanya hivyo mbali na moto, dirisha likiwa wazi, sarafu ilale ndani ya chombo cha kioo, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Asetoni haitagusa weusi wala samawati. Baada ya hapo iweke katika kibebeo kisicho na PVC, mbali na raba, sufu na droo za mwaloni, na ukiishika, ishike ukingoni tu, pale palipoandikwa Einigkeit und Recht und Freiheit, yaani Umoja na Haki na Uhuru.